Mashine Iliyoandikwa Chakavu

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Muleba, majirani wa Chanika, nanyi wa Mabibo na Kawe mlioacha shughuli zenu leo Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, kuja kutusitiri, poleni sana na asanteni, mie ni Kokushubila, binti mkubwa wa marehemu, familia imenikabidhi historia hii niisome, nami nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba nisome hata yale ambayo baba zangu wadogo walishauri jana yaachwe.

Baba yetu, Revelian Mushobozi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mtoto wa nne wa marehemu mzee Kornelio, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari Bukoba mjini hadi mwaka 1974, na wanaomkumbuka utotoni wanasema aliwahi kuifungua redio ya babu, akaifunga, ikaongea vizuri tu, ila ikabaki parafujo moja mkononi, na babu akagoma kuisikiliza mwezi mzima kwa sababu ya parafujo hiyo. Sie ukoo wetu ni wabishi, na baba alipewa fungu lake kamili.

Mwaka 1975 alikuja Dar es Salaam kusomea ufundi umeme, akahitimu mwaka 1978, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa kwenye karakana ya hospitali moja ya hapa jijini kama fundi wa vifaa tiba, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba, akitengeneza mashine za kupumulia, za kuwapasha joto watoto njiti, na za kusoma mapigo ya moyo. Mwaka 1986 alipelekwa Ujerumani miezi sita kujifunza mashine zinazoendeshwa na chipu, akarudi na chipu moja nyeusi yenye miguu arobaini, ambayo sie watoto tuliiita mende, na huyo mende ndiye aliyekuwa mahubiri yake, kwamba ukoo wake ni wa miaka ya sabini, anakwenda polepole, hajui muziki wala picha, anakula umeme kidogo mno, na ndiyo maana ndugu zake bado wamo ndani ya vifaa vinavyowekwa vifuani mwa watu, kwa sababu, alikuwa akisema, huyu tumeishi naye, maradhi yake yote tunayajua, huyo mpya wenu hatujui bado atatuangushia wapi. Ukimpelekea simu mpya akuwekee namba, ulikuwa unasikiliza mahubiri hayo kwanza.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, mwalimu Tupokigwe, mzaliwa wa Tukuyu, hapo Mabibo walikokuwa wamepanga, wakajaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa mwaka 1986 yeye akiwa huko huko Ujerumani, na mdogo wangu Praygod aliyezaliwa mwaka 1993, na mwaka 2005 tukahamia hapa Chanika, kwenye nyumba hii, enzi hizo ukitoka mlangoni ni mashamba ya mihogo tu mpaka barabarani.

Mwezi Februari 2012 alianza kuanguka, mara ya kwanza hapa nyumbani, mara ya pili karakanani, madaktari wakagundua kwamba moyo wake unasahau kupiga, na tarehe 19 Machi 2012 akawekewa kifuani kile kifaa ambacho wengi tunakiita betri ya moyo, naye, kabla hajakubali kupanda kitandani, alimuuliza Daktari Sebastian ndani kuna chipu gani, alipojibiwa kwamba ni ya ukoo wa mende wake akacheka, akavua shati. Kifaa hicho husomwa kwa mashine maalumu, kisahani kinawekwa juu ya ngozi ya kifua, mashine inaandika kwenye karatasi betri imebaki kiasi gani, na mwaka 2017, baba akiwa ameshastaafu, hospitali ilipata mashine mpya ambazo hazielewani na vifaa vya zamani, ile ya zamani ikatolewa nje ya stoo ikiwa imeandikwa ubavuni, kwa rangi nyekundu, CHAKAVU.

Baba aliiomba kwa barua, akapewa kwa barua, akaitengeneza, na tangu hapo kila baada ya miezi mitatu, Jumanne ya kwanza ya mwezi, aliibeba hadi kliniki ya Daktari Sebastian, ambako yeye na watu wengine watano wenye vifaa kama chake walisomwa, mmojawapo ni Bi Nawal wa Kawe, mwenye duka la vitambaa, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Mama ameniambia juzi kwamba alimsihi mara nyingi afute lile neno jekundu, akakataa, akasema liache libaki, watu waone ofisi zinavyofikiri.

Sasa nimefika pale nilipoambiwa niruke. Tulikuwa tunaandaa harusi ya Praygod, iliyopangwa iwe Jumamosi hii, tarehe 8 Februari, baba akaenda Muleba tarehe 12 Januari kuwaalika wazee, na Jumamosi ya tarehe 18 mimi nikaja kufanya usafi ili wageni wapate chumba, nikamwita mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa akipita na guta lake, nikampa mabati, sufuria zilizotoboka, fremu ya kitanda, na hiyo mashine. Nilijua fika kwamba baba ana mashine ya kusomea, lakini siku zote niliiona ikiwa ndani ya begi lake la bluu, na safari hii begi alikuwa amesafiri nalo, limejaa nguo, kwa hiyo nilichokiona kwenye rafu ni sanduku la kijivu lenye neno ambalo nalifahamu vizuri mno, maana mie ni mtunza stoo, ofisini kwetu neno hilo naliandika kwa mkono wangu kila mwezi Juni, na kitu kikishaandikwa chakavu hakiulizwi swali, kinatoka. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, sikumsubiri, nilijiona mjanja.

Baba alirudi Jumamosi ya tarehe 25, akaiona rafu tupu, hakunifokea, na afadhali angenifokea, aliuliza tu yule mwenye guta anaitwa nani, nikasema sijui, na kuanzia Jumapili baada ya ibada alizunguka kwa miguu kwenye vibanda vya chuma chakavu, Chanika, Pugu, Gongo la Mboto, akiulizia mashine ya kijivu yenye neno jekundu, akirudi jioni anasema Bi Nawal na wenzake wanasomwa tarehe 4, sasa nitawaambia nini. Tulimwomba akae, tuitafute sisi, akatujibu kwamba hatuijui ilivyo. Alhamisi, tarehe 30 Januari 2025, saa nane mchana, alianguka kando ya barabara huko Pugu, wapita njia wakamkimbiza hospitali, akafikishwa akiwa ameshakata roho.

Jana mchana, kamati ya harusi ikiwa imeshageuka kamati ya msiba, na maturubai yale yale ya sherehe yakiwa yamefungwa hapa uani, aliingia mzee mmoja akisukuma guta, ndiye yeye, mzee Mwishehe, ambaye alikuwa amesikia kijiweni kwamba mtu aliyekuwa akitafuta mashine ya kijivu amefariki, akaishusha ikiwa nzima, akasema kwake kila kitu chenye waya anakichomeka kwanza kwenye umeme kabla ya kukigusa kwa nyundo, na hiki kiliwaka, na kinachowaka havunji, anakiweka pembeni, maana mwenye nacho atakifuata. Mzee yule aliichomeka. Mimi, mtunza stoo wa miaka kumi na mitatu, sikuichomeka.

Chini ya kifuniko tulikuta kipande cha karatasi cha tarehe 11 Desemba 2024, baba alijisoma mwenyewe, mashine imeandika kwamba betri imefika mwisho, kifaa kibadilishwe ndani ya miezi mitatu, na chini yake kuna mwandiko wake kwa kalamu, baada ya harusi ya Pray. Hakumwambia mama, hakumwambia daktari. Daktari Sebastian ameniambia huenda betri ilikufa mapema, huenda ni jua na mwendo wa siku tano, hawezi kusema ni lipi, namshukuru kwa kutonidanganya. Wapo walionishika mkono wakisema karatasi hiyo imenisafisha, jamani, haijanisafisha, aliyemtembeza juani ni mimi, na hasira ninayo naye pia, kwamba mtu aliyetukataza maisha yake yote kubahatisha na moyo wa mtu, alibahatisha na wa kwake, na kwamba kwa miaka saba neno moja lilimshinda kulifuta.

Familia inamshukuru Daktari Sebastian na wauguzi wake, wapita njia wa Pugu ambao hatukupata majina yao, mafundi wenzake wa karakana, majirani ambao hawajalala kwao tangu Alhamisi, na mzee Mwishehe, ambaye naomba asiondoke kabla hajala. Harusi imesogezwa, Praygod atawatangazia. Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilichukua msasa nikalikwangua lile neno hadi bati likabaki jeupe, mama akiwa amenishikia mashine isitikisike, na kesho Jumanne, saa tatu, itakuwa kliniki, nitaibeba mimi, Bi Nawal na wenzako wanne naomba msikose.

Baba, pumzika kwa amani, mashine inawaka, safari hii nimeichomeka mwenyewe.