Historia ya Marehemu Fundi, Ambaye Hakujiondoa

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, yanasomwa na mdogo wake kwa niaba ya familia, na hakuna neno litakalorukwa.

Fundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa dereva wa treni na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajifunza ufundi bomba katika idara ya maji, akaajiriwa hapo hapo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, na mnakumbuka kwamba alivua viatu mlangoni hata pale sebule yako ilipokuwa imejaa maji.

Tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwaka 2018 majirani walimwomba agombee udiwani, akakubali, akashindana na mkandarasi aliyekuwa tayari diwani, ambaye leo ameketi mstari wa pili pamoja na mhariri wa gazeti la mji wetu, karibuni sana, viti hivyo tumewawekea makusudi ili mwonekane vizuri.

Gazeti hilo huandika chini ya jina lake kwamba halina upande, lakini tahariri zake zilimpamba mkandarasi kama bibi harusi, barabara yake ikibomoka walilaumu mvua, Fundi akipita nyumba kwa nyumba waliandika anasumbua watu, na picha yake waliyotumia kila wiki ilikuwa ile aliyopigwa akiwa amefumba macho. Mke wake alipowapelekea nyingine, mhariri alimwambia, "Mama, si ndivyo alivyo?"

Asubuhi ya kupiga kura, tarehe 9 Septemba, tahariri iliwataka wasomaji wamchague mkandarasi, ikaongeza kwamba Fundi amejiondoa. Hakujiondoa. Alikuwa kwenye foleni ya kupiga kura, amevaa koti lake la harusi, na watu wakawa wanampa pole asielewe ni ya nini. Akashindwa.

Wiki iliyofuata gazeti lilisahihisha, na kwa kuwa desturi yao ni kuweka masahihisho chini kabisa ya ukurasa wa matangazo ya vifo, picha yake ya macho yaliyofumbwa ikakaa katikati ya marehemu wawili, majirani wakaja na viti kuomboleza, naye akawafungulia mlango mwenyewe, akasema, "Karibuni, mfiwa ni mimi na marehemu ni mimi." Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Mwaka uliofuata bomba lilipasuka katika ofisi ya gazeti, karatasi zikaanza kuelea, mhariri akapiga simu, "Fundi wangu, kimbia, tunazama huku!" Fundi akamjibu kwa upole, "Pole sana, mkubwa, mimi si nilishajiondoa?" akakata simu, akaomba chai nyingine. Familia inapenda ijulikane kwamba tangu uchaguzi hatukuwa tumemwona na furaha kama siku ile.

Tarehe 21 Mei 2022 alipatwa na kiharusi, daktari akasema ni shinikizo la damu, nasi hatubishani na daktari, ila kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kama gazeti limeshaandika ukweli mahali lilipoandika uongo. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2024, na jibu lilikuwa bado.

Juzi mhariri alituma mtu kusema anatupa ukurasa mzima bure kwa rambirambi, mjane akamrudisha kutoka mlangoni. Kwenye ukurasa wa vifo Fundi alishakaa akiwa hai, tunachotaka ni tahariri, na isipotoka kabla ya uchaguzi ujao, historia hii tutaisoma sokoni, stendi na mlangoni kwako, mhariri, kwa zamu, wajukuu wamo, na yule anayenyonya atakua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuletea viti kwa mara ya pili, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Fundi wetu, wewe pumzika kwa amani, sisi na mhariri bado hatujamalizana.