Besi ya Ukoo wa Mama

Milioni nne, Sufiani, na hata ungenitajia arobaini ningekujibu hivihivi: ziondoe hapa kitandani, zinanilemea miguu. Usiniambie tena kwamba ni za matibabu. Nimekusikia; figo ndizo zimekufa, masikio bado. Daktari alisema lake na wewe ulikuwepo, ukageuza uso dirishani ukijifanya unaangalia magari. Kunipeleka Dar ni kunitembeza tu, na kurudi nitarudi nimefunikwa shuka. Kaa chini. Hafidha, mwanangu, pumzika kulia kidogo, vuta mkeka ukae karibu na kaka yako. Na wewe Mwanvita, uliyesimama mlangoni kama jirani aliyekuja kuazima chumvi, ingia ndani, hapa ni kwa mjomba wako. Nitasema mara moja, maana pumzi niliyonayo ni ya mara moja, na mtu asinikatize.

Nitegeeni masikio, wanangu. Nyumba hii ya Bigwa ni yangu, niliijenga kwa harusi za watu, Jumamosi hii tofali, Jumamosi ile bati, na nikifa ni mirathi: shehe atakuja awagawie kwa hesabu ya dini, mkubali atakachosema bila kununa. Wapangaji wa uani msiwatoe kabla ya kodi yao kwisha. Redio yangu ya kanda mpeni rafiki yangu Dominiko, pamoja na kanda zote za Mikaeli, hata zile zilizotafunwa. Ile spika kubwa imekufa. Mkiiuza, mwambieni mnunuzi imekufa, sitaki kulaaniwa kaburini kwa ajili ya spika.

Gitaa la besi halimo humo. Gitaa si mirathi, Sufiani. Wewe umepiga hesabu ya mjini, kwamba baba akifa kitu cha baba ni cha mtoto, na hata hiyo hesabu umeikosea, kwa sababu baba hajafa.

Mnajua kwamba sisi Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Shamba la kule juu ni la lukolo, la ukoo wa mama yangu. Mimi nimelima tu, na nikiondoka linabaki kwa watoto wa dada yangu, kama ninyi mlivyo na ardhi yenu kule Matombo kwa ukoo wa mama yenu, na hakuna aliyewahi kuwanyang'anya. Sasa sikilizeni gitaa lilivyoingia humo. Nilikuwa kijana, napiga randa pale Mazimbu, kwenye karakana ya samani, enzi za shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na fundi wetu mkuu alikuwa Mwaustralia mmoja, Michael, sisi tukimwita Mikaeli. Jioni aliwasha redio yake ya kanda na kupiga besi juu yake, na mimi nikaacha kula ili nimtazame vidole. Alipokaribia kurudi kwao akataka kunipa lile gitaa bure. Mama yangu akakataa katakata, akasema kesho atatokea mtu aseme ni la kwake. Akauita ukoo, wakakaa, wakatoa mavuno ya msimu, maharage na ndizi za shamba la ukoo, na dada yangu, mama yake huyu Mwanvita, akayashusha mlimani kichwani, akipanda na kushuka, mpaka Mikaeli akaomba yaishie hapo, akayapeleka yote jikoni kwa wanafunzi. Mjomba wangu mkubwa akalipokea gitaa mbele ya watu wote, akaligonga tumbo kama mtu anayenunua papai, akasema, "Hili nalo ni shamba letu. Salum, ulilime. Ukichoka, mpe mtoto wa dada yako." Ndivyo ilivyosemwa. Mimi nimekuwa mlimaji. Wewe umeuza shamba la watu.

Unatikisa kichwa. Unasema moyoni, gitaa lile la zamani, limechubuka, mzee hapigi tena. Kweli sipigi. Mnajua kwa nini sipigi? Si vidole. Alikuja yule Godfrey na kinanda chake, kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe na besi chenyewe, mtu mmoja akawa bendi nzima, na wenye harusi wakaona nafuu. Ile siku ya harusi ya binti wa mwenyekiti nilifika na gitaa begani nikakuta amekwisha funga nyaya, akaniambia, "Shikamoo mzee, leo pumzika, kula pilau." Sikula. Nilimtukana mbele ya wakwe na sijutii. Serikalini mtu anastaafu, anapewa kiinua mgongo na ng'ombe na keki. Mpiga besi anaambiwa akale pilau.

Aliyenielewa ni Dominiko peke yake, maana naye alikuwa na besi, ya kwaya ya misheni, kabla mikono haijakakamaa kwa baridi ya Mgeta na maji ya kumwagilia kabichi. Akishusha kabichi zake sokoni alikuja hapa ubishi uanze. Tulibishana kuhusu nyuzi. Zamani nyuzi za besi hazikupatikana Morogoro, tukafunga waya wa breki ya baiskeli, na tulipopata nyuzi halisi hatukuzitupa zikichakaa. Tulizichemsha zitoe jasho na uchafu, zilie tena kama mpya. Mama yenu, Mungu amrehemu, alifunua sufuria ya maharage akakuta waya zimejikunja, akaita uani jirani wote wasikie, "Leo kwa Salum tunakula supu ya chuma, karibuni!" Dominiko alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Na tulibishana kuhusu rock ya Australia, ile ya kwenye kanda za Mikaeli, muziki wa watu wa migodini na bandarini, unaopigwa kwenye baa zenye ugomvi. Gitaa la mbele linanguruma, mwimbaji anapiga kelele kama ameibiwa, na besi iko palepale, noti moja, noti moja, haipambi, haikimbii. Dominiko akasema, "Huyu mpiga besi wao amelala, bwana. Mwamsheni ale." Nikamwambia hajalala, yeye ndiye aliyeshika nguzo wenzake wakirukaruka juu ya paa. Nilijifunza pale. Hakuna aliyenipeleka shule. Nikaingiza ile noti iliyonyooka kwenye rumba zetu za harusini, wapiga solo wakanicheka, lakini watu walicheza, na mtu akicheza huna haja ya kubishana naye.

Sufiani ndiye aliyeninunulia simu hii kubwa, nakushukuru, nasema la kweli hata nikiwa na hasira. Kwa simu hii nikaingia kwenye kundi la wapiga besi la WhatsApp, wazee kwa vijana, na Dominiko akamtafuta Mikaeli mpaka akampata, mzee kama sisi, amestaafu, Kiswahili chake cha Mazimbu kimeota kutu lakini kinasikika. Alituma ujumbe wa sauti: "Salum, nina nyumba karibu na bahari, nina magitaa ukuta mzima, sina mtu wa kupiga naye." Dominiko akamjibu, "Sisi watu tunao, rafiki. Tutumie ukuta." Wiki nzima tulikuwa tunachekea hilo. Nilidhani ndivyo nitakavyomaliza, na simu kifuani, tukibishana kama nyuzi nene zinafaa kuliko nyembamba.

Halafu nikalazwa. Nipo wodini, sindano mkononi, nafungua kundi nipoteze mawazo, nakutana na picha. Besi ya zamani inauzwa, Morogoro. Na chini yake wenzangu wanaijadili. Mmoja anasifu mbao. Mwingine anauliza kama shingo imepinda. Mwingine anasema mwenye mali ameshafariki, nasikia, Mungu amlaze pema, alikuwa na mkono mzito, watoto ndio wanauza. Wakaanza kuniombea dua, wanangu. Nikasoma rambirambi zangu nikiwa nimekaa. Mikaeli akaandika kutoka kule kwao, "Pole kwa familia ya Salum, rafiki yangu." Nikajibu mbele ya wote kwamba mimi ni mzima na aliyesema nimekufa ni mpumbavu, na wao wakafuta dua zao mmoja mmoja. Walikuwa wanaogopa. Hafidha, nilikupigia, ukaniambia, "Baba, kaka amesema ni kwa ajili yako." Mkaliuza kwa ajili yangu bila kuniuliza, nikiwa hai, nikiwa na simu, nikiwa barabara moja tu kutoka hapa.

Na mlimuuzia nani? Mwenye hoteli huko Dar. Angalau lingekwenda kwa mtu mwenye vidole. Dominiko ameniletea habari: litatundikwa ukutani, juu ya jokofu la bia, na nyuzi amezitoa kwa sababu zina kutu. Walevi watapiga picha nalo.

Mwanvita, mama yangu, inua uso. Huyu nilimshika kidole gumba nikakiweka kwenye uzi akiwa hajui hata kushika peni sawasawa. Sasa anapiga mahotelini na anaazima besi ya mtu kila mwisho wa wiki, anairudisha asubuhi kama aliyeazima nguo ya harusi, na tangu siku ile ya picha hakuja hapa, hakulalamika, hakumwambia mtu yeyote. Mngemuuliza yeye. Mama yake alibeba maharage yale kichwani mpaka utosi ukapata upara, na amekwenda kaburini akiamini mwanawe ana shamba. Nitakutana naye nimwambie nini? Atauliza gitaa kabla hajaniitikia salamu, namjua dada yangu.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Mnizike kule juu, kwenye ardhi ya ukoo, karibu na mama, mnipandishe kwa upole maana njia ile ina mawe. Msinizike huku chini kwa kuwa tu gari linafika. Arobaini yangu pikeni mnachoweza, msikope. Yule Godfrey akija kuhani mpeni kiti, ni mtu wa watu, mimi na yeye tumemaliza... nimemaliza mimi. Dominiko hawezi kupanda mlima tena, msimlaumu.

Sufiani, umesema mwenye hoteli hatakubali kurudisha. Umemuuliza? Hujamuuliza. Nimekuona macho. Fedha yake hiyo hapo, haijapungua hata noti, na shehe atakwambia hilihili ninalokwambia, kwamba maiti hulipiwa deni kwanza ndipo watu wagawane. Mimi sina deni jingine duniani. Nilihakikisha. Hilo moja mmenibebesha ninyi, na sioni... sioni kama mtalitoa. Nasema kweli. Nawajua. Mtalia vizuri, mtapika vizuri, na gitaa litabaki juu ya jokofu. Hilo ndilo linaloniua, si figo.

Sogeeni. Hafidha, mkono wako. Sufiani, na wewe, acha ubishi, leta mkono. Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali, awape watoto wanaouliza kabla ya kushika, awasitiri... awasitiri na aibu ya dunia. Radhi yangu mnayo. Nimeitoa bure, siigeuzi, hata mkinikasirisha. Msije mkasema mzee aliifanya bei.

Gitaa ni jambo jingine. Mwanvita, usiondoke... kaa hapo, ukae nao, wakuone.

Chukua hizo fedha, Sufiani. Ziondoe kitandani. Nenda Dar kesho.

Nataka besi ya Mwanvita. Iletwe hapa. Apewe mkononi.