Kipimo Alipimwa Nani?

Kahawa ya kijiwe hiki, mbele ya duka la fundi cherehani, namimina mimi, na nawajua wateja wangu: hawajui kitu, ila hawakosi jibu. Tangu Idara ya Kipimo itangaze nguo za saizi moja kwa watu wote, mikono ya shati langu nimeikunja mara tatu. Redio, mnene wetu mjua habari, anafunga vifungo viwili tu, vingine pambo. Rula, mwalimu mstaafu, anasifia kila sheria huku suruali inamfika magotini. Asubuhi ile ilijulikana kwamba saa nne mkaguzi anakuja kuchukua cherehani ya fundi, tunayemwita Sindano. Kosa lake ni kumshonea bintiye mjamzito gauni pana. Cherehani hiyo ndiyo iliyolea familia nzima. Iliniuma, sifichi.

Redio: Wanakuja na gari mbili. Moja ya cherehani, moja ya Sindano.

Rula: Acha uchuro, bwana. Ila sheria ni sheria. Tukivaa sawa, hakuna wa kutamani shati la jirani.

Sindano: Mimi nalitamani. Langu linaninyonga.

Redio: Mvumilivu hula mbivu.

Sindano: Nitaimeza vipi na kola hii?

Redio: Subiri viatu. Nasikia vinakuja namba saba, wote.

Rula: Safi! Halafu vitanda, halafu hatua. Tukitembea hatua moja, barabara haitachakaa upande mmoja.

Redio: Halafu matumbo! Haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo na sisi wanene tutapunguzwa haba na haba.

Mimi: Na watoto walio tumboni?

Rula: Samaki mkunje angali mbichi. Wakunjwe humohumo, watoke saizi!

Sindano akaweka kikombe chini.

Sindano: Mwalimu, huyo unayetaka kumkunja ni mjukuu wangu.

Na hapo binti mwenyewe akatokea, mkono kiunoni, gauni lake pana amelivaa mchana kweupe. Nilimwonea fahari.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba, mwanangu.

Redio: Kalivue hilo! Vaa la Kipimo, baba yako apone.

Binti: Nililivaa jana, baba mdogo. Pumzi ikakata, nikaanguka jikoni. Niambieni kitu kimoja tu: hicho Kipimo, alipimwa nani?

Rula akainua kidole, akakishusha. Redio akachungulia kikombe chake kitupu. Mimi nikaipitia mitaa yote kichwani, nyumba kwa nyumba, nikitafuta mtu mmoja ambaye lile shati linamkaa. Sikumpata.

Sindano akasimama, utepe shingoni.

Sindano: Mkaguzi akija, mwambieni nipo ndani, napima watu.

Mimi: Utaikosa cherehani, ndugu yangu.

Sindano: Nitashona kwa mkono.

Redio akafungua vile vifungo vyake viwili mbele yetu sote, akavuta pumzi ndefu ambayo sijamsikia akiivuta mwaka mzima.

Redio: Anza na mimi.

Nikaacha birika, nikasimama nyuma yake. Majirani nao wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakivuta mashati yao. Mkaguzi alipokata kona, foleni ilikuwa imetoka nje ya duka, na wa mwisho alikuwa Rula. Hakumpisha mkaguzi.

— Foleni, bwana mkubwa, akamwambia. Kaa nyuma yangu.