Dirisha la Tezi Mbili

Asmaa, kiti cha nyuma, alikuwa amechoshwa na lile dirisha la basi. Kwenye kiti cha mbele yake, mama aliyevaa sweta mbili analifunga, mzee anayetiririka jasho analifungua.

"Mzee, punguza kutafuna miraa," mama alimwambia. " Ona mikono inavyotetemeka!"

"Mimi huuza miraa sokoni Kangeta, sijawahi kutafuna! Hata mke wangu alinishuku, mpaka daktari akapima damu. Ni tezi ya thairoidi, hapa shingoni. Inafanya kazi kupita kiasi: moyo mbio, joto, kukonda."

Mama aliangua kicheko. "Yangu nayo imelala! Baridi, kunenepa, nasinzia hata nikiimba kwaya. Kabla sijapewa dawa, watu waliniambia nitafune miraa nisisinzie!"

"Ungenunua kwangu!"

Walicheka hadi basi liliposimama Meru. Asmaa akadhani wamepatana. Lakini kabla ya kushuka, mama alinyoosha mkono, akalifunga tena dirisha.