Gunnvor Aksnes na Kahawa ya Kåre

Leo, Ijumaa tarehe 29 Mei, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha watu wenye kigugumizi hapa Ålesund, Gunnvor Aksnes anastaafu.

Alipoajiriwa, kazi yetu katika kitengo cha tiba ya usemi ilikuwa kuwaambia watu wavute pumzi na waseme polepole. Gunnvor alimwambia mkuu wa kitengo, mbele ya kila mtu, kwamba huo ni upuuzi. Watu hawa hawakosi pumzi, wanakosa mazungumzo, na wanaoyakatisha ni sisi tunaojiona wasemaji. Kwa muda hakualikwa vikaoni. Wala hakununa, alihamishia darasa lake kwenye duka la mikate na kahawa.

Huko ndiko alikompeleka Kåre Myklebust, baharia wa kivuko, ambaye ameniruhusu nimtaje. Herufi K ilikuwa inamkaba. Kwa hiyo, katika nchi hii ambayo watu wanaishi kwa kahawa, Kåre alikunywa chai asiyoipenda. Siku yake ya kwanza kazini jina liligoma kutoka, akajitambulisha kuwa Arne. Ofisi ikamlipa Kåre, wenzake wakamwita Arne. Sasa binti yake alikuwa anaolewa, wenzake wote wamealikwa, na kwetu baba wa bibi harusi hakwepi hotuba. Alitaka shemeji yake amsomee.

Gunnvor alikataa katakata. Hakumwahidi kwamba kigugumizi kitaisha. Alimfundisha kubaki kwenye mazungumzo: kumtazama mtu machoni, kutobadilisha neno, kutoachia zamu yake. Kåre alipokwama pale kaunta kwenye "k", muuzaji akamwahi: keki? Kakao? Gunnvor akamgeukia.

"Hajamaliza, mwanangu."

Foleni ikasubiri, kahawa ikapatikana. Walirudi tena na tena, hadi muuzaji mwenyewe akawa ndiye anayewanyamazisha wateja wenye haraka.

Harusini Kåre alisimama. Jina lake lilichukua muda, naye hakulikimbia. "Mimi ni K-K-Kåre." Kutoka meza ya mabaharia mtu akauliza, "Sasa Arne tumpeleke wapi?"

"Mpeni chai," akajibu Kåre, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, yeye wa kwanza.

Gunnvor, asante kwa kutufundisha kunyamaza, sisi tunaolipwa kwa kusema. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele na majirani wanaojua kusubiri.

Leo, baada ya chakula, Kåre atatoa shukrani kwa niaba yetu sote. Huenda kahawa ikapoa. Iacheni ipoe. Atakayemmalizia sentensi atanikuta mlangoni.