Miaka Ambayo Jina Langu Lilinyamaza

Shikamooni wazazi wangu, na nyinyi wenzangu salamu zenu, wa kanisani na wa msikitini. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliponiomba niseme leo nilikataa. Nilimwambia mimi nimezoea kukaa na hadubini, si na watu. Akacheka, akasema hata hivyo nitasema. Basi nisikilizeni.

Wengi hapa mnanijua kama mama wa yule msichana mwenye kelele. Kazi yangu ni utafiti. Nachunguza vijidudu vinavyoingia kwenye damu ya watoto wachanga. Nilizaliwa Sabaki, kwa wazazi wakulima, na nilipopata kazi ya maabara hapa Kilifi, nyumbani walichinja mbuzi.

Niwaeleze jambo moja la kazi yetu, ndipo mtaelewa nilivyoanguka. Mtafiti anapimwa kwa makala anayoandika kwenye majarida ya kitaalamu, na kwa jinsi watafiti wengine wanavyoyataja katika makala yao wenyewe. Ukitajwa sana, una jina. Usipoandika, unasahaulika, na mkataba haurudiwi. Mwanzoni nilikwenda vizuri. Niliandika, nikatajwa, watu wa mbali wakawa wananitafuta kuniuliza maswali.

Ndipo binti yangu akazaliwa, na kabla hajaanza kutembea tukaambiwa ana selimundu, ugonjwa huu wa damu uliotukutanisha hapa. Ndugu zangu, hilo sina haja ya kuwaeleza nyinyi. Mnajua mtoto akilia mifupa mzazi anavyokuwa. Baba yake ni mpishi wa hoteli kule Bofa, na msimu wa wageni hapati ruhusa. Kwa hivyo wodini nilikaa mimi. Makala niliyokuwa nimeyaanza yakabaki nusu. Mwaka ukapita, na mwingine. Kazini sikumweleza mtu. Niliogopa watasema huyu hafai tena. Nikiulizwa nilikuwa wapi, nasema malaria. Nilisingizia malaria mpaka nikaona haya.

Mkataba ulipokwisha, mkuu wetu aliniita, akanieleza kwa upole kwamba hana cha kunitetea nacho, kwa kuwa sijaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokiona. Nilitia vitabu vyangu kwenye gunia, nikamchukua mtoto, nikarudi Sabaki kwa mama. Nikamwambia nitalima naye. Mama hakunibishia, alinipa jembe. Nililima kimya karibu msimu mzima. Nikawa hata sitaki kulisikia jina la mwenzangu tuliyeanza naye kazi, maana yeye alikuwa anapanda cheo.

Nawaambia, ni huyo huyo aliyekuja. Binti yangu alikuwa amelazwa tena, mwenzangu akapata habari kwa muuguzi, akaingia wodini na kompyuta begani. Nilitamani kujifunika shuka. Akavuta kiti, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikajifanya namfunika mtoto.

Akasema, "Sikuja kukupa pole. Matokeo yako ya maabara bado yapo, na hakuna mwingine aliyeyaandika. Tuanze."

Tukaanza pale pale. Mtoto akilala tunaandika, akiamka tunafunga. Jarida la kwanza lilitukataa, la pili likatukataa kwa maneno makali, mwishowe moja likakubali. Kisha kimya. Kila nikipata mtandao nachungulia kama kuna aliyetutaja. Hakuna. Hata nikaacha kuchungulia. Siku moja mwenzangu akanipigia simu, akanisomea: daktari wa Mtwara, ambaye hatujuani, ametumia kazi yetu kubadili jinsi wanavyowapima watoto wachanga hospitalini kwao, na ametutaja. Mmoja tu, ndugu zangu. Nililia kama niliyefiwa, mama akatoka jikoni mbio akidhani mtoto amezidiwa.

Nikaomba kazi tena. Kwenye mahojiano, mzee mmoja wa jopo aliweka kidole kwenye orodha ya makala yangu. "Hapa katikati hakuna kitu," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Malaria ilinijia mdomoni, nikaimeza. Nikamjibu, "Nilikuwa wodini na mwanangu. Ana selimundu. Haya makala ya mwisho niliyaandika kando ya kitanda chake."

Akavua miwani. Akataka kujua mtoto anaendeleaje sasa. Nikamwambia anasoma, na ana kelele. Kazi nilipewa.

Wenzangu wa zamani bado wananishinda kwa makala na kwa kutajwa, na pengine sitawafikia. Lakini naandika, na madaktari wanaoitumia kazi ile wanaongezeka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama aliyenipokea bila kunihoji, na mume wangu, ambaye siku hizi hubadilishana zamu ili nami nipate kuandika. Mwenzangu yule sitamtaja, hapendi. Na nyinyi wa kikundi hiki, ahsanteni. Hapa ndipo nilipojifunza kuutamka ugonjwa huu mbele za watu, kabla sijautamka mbele ya lile jopo.

Sasa wewe dada uliyeketi karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza na mtoto mgongoni. Waambie kazini kwako. Kama ni wagumu, mwambie japo mmoja unayemwamini. Ugonjwa ulinichelewesha, lakini kilichoninyang'anya kazi ni kuficha. Tukimaliza hapa usiondoke. Nitakungoja pale penye chai.