Bi Robo na Kadi Iliyokataa Kutoka

Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, kisha jua likajitokeza kana kwamba nalo limealikwa. Leo, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne katika chumba cha usanifu, Bi Robo anastaafu.

Aliajiriwa kuchora maganda ya plastiki ya redio. Redio zilipokosa wanunuzi, alikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeielewa: kusanifu kisoma-kadi, kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta ili kusoma memori kadi ya kamera. Aliuliza kadi yenyewe ikoje. Akapewa moja. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa miezi mitatu alichomeka na kuchomoa kadi hiyo hiyo, mara elfu kumi na moja na ushee. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu kwa vijistari daftarini, tena kwa tarehe. Kila mara kadi ilipoanza kucheza ndani ya tundu la kifaa, Bi Robo alililaumu tundu, akalibana kidogo. Wiki iliyofuata ikacheza tena, akabana tena. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kadi ndiyo iliyokuwa ikilika kama sabuni. Kwa kadi hiyo moja, kifaa kilikuwa kizuri ajabu. Kwa nyingine zote duniani, kilikuwa mtego wa panya.

Siku ya maonyesho alikuja mpiga picha mwenye maduka sita, na kadi yenye picha zote za harusi ya mpwa wake. Hakuwa na nakala. Mkurugenzi wetu, mtu wa kuonyesha mfano, aliisukuma mwenyewe kwa dole gumba. Ikaingia. Ikakaa. Akavuta, akavuta tena, kisha akaagiza koleo.

Bi Robo aliliwahi koleo, akaliweka kwenye kiti na kulikalia. Alimweleza mkurugenzi, kwa heshima zote, kwamba akivuta kwa nguvu kadi itavunjika, na bibi harusi hataolewa mara ya pili kwa ajili yetu.

Kisha akatoa tupa yake ya kucha, akaanza kulikwangua ganda la kifaa chenyewe, la pekee tulilokuwa nalo, jasho lake la miezi mitatu. Alianza saa nne kasorobo. Bibi harusi alipiga simu mara nne. Mara zote mjomba wake alimjibu kwamba picha zinapumzika. Saa tisa alasiri kadi ilitoka bila mkwaruzo. Kisoma-kadi kilibaki vumbi na waya.

Mbele ya wote Bi Robo alikiri kwamba kosa ni lake. Mimi na daftari langu tulitazama dirishani, leo natubu. Mpiga picha alicheka hadi akakaa chini, akasema atasubiri kifaa kingine, mradi kitengenezwe na huyo huyo mama. Toleo jipya lilikuwa na tundu lililoongezwa nafasi ya robo milimita, na likauzwa miaka kumi na minne. Ndipo lilipotoka jina lake la Bi Robo, na ile sheria iliyobandikwa ukutani: kadi ya majaribio ibadilishwe kila baada ya mara mia mbili.

Mtunza stoo ameniomba nikumbushe kwamba kadi ya kwanza ile, iliyolika, bado imeandikwa “haijulikani ilipo”. Sisi sote tunajua inaning'inia kwenye funguo za Bi Robo. Tumekubaliana kutojua.

Asante, dada yetu, kwa kutufundisha kupima tena kile tunachopimia. Nenda ukaishi kwa raha na afya, pasipo kitu kinachobana. Shajara yangu ya siku ile ya maonyesho inamalizia hivi: “Dada yetu amelala juu ya benchi la kazi, saa tisa na dakika ishirini, anakoroma. Hakuna aliyemwamsha.” Na kuanzia kesho, hakuna atakayekuamsha.